Sólveig wa Grund na Jirani Zake

Sólveig Ketilsdóttir alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 katika shamba la Grund, bonde la Mjóidalur, Iceland, mtoto wa kwanza wa Ketill na Ragna. Mimi ninayesoma wasifu huu mazishini kwake ni Ormur, mdogo wake, na leo sitaremba maneno.

Alisoma shule ya bweni, kisha chuo cha ualimu Reykjavík. Siku moja mwalimu wa historia alitaja mwaka wa njaa kuu. Wenzake waliandika tarehe. Yeye akauliza walikula nini.

"Ngozi za viatu."

"Walizichemsha au walizichoma?"

"Kaa chini, Sólveig, usije ukatutia njaa na sisi."

Alirudi Grund, akafundisha miaka ishirini huku akiandika riwaya za maisha ya kale. Alisema msomaji wa leo hamjui mtu wa kale kwa upanga wala vazi, humjua kwa wivu, baridi na aibu yake. Riwaya tatu zilipendwa mno. Wasomaji walimshika mkono wakilia, "Wazee wetu walikuwa wakatili, jamani." Hilo lilimuudhi kuliko tusi. Walilia, kisha wakajiweka kando, kana kwamba ukatili uliisha na wazee.

Mwaka 1984 aliolewa na Steinar, fundi umeme, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2006. Walijaliwa binti mmoja, Unnur. Steinar ndiye aliyesoma kila kitabu kwanza na kufuta majina ya mashamba. Baada yake hakuna aliyefuta.

Riwaya ya nne ilihusu binti ombaomba aliyefungiwa mlango wakati wa dhoruba, akafa nje ukutani. Kisa hicho kila bibi hapa bondeni anakijua. Majina ya watu aliyabuni, la shamba akaliacha: Kaldasel. Kwetu mtu ni shamba lake, na aibu ya shamba hurithiwa nalo.

"Dada, ukoo ule bado uko pale, Brandur ndiye mwenye shamba," nilimwonya.

"Ndiyo maana."

Krismasi sisi hupeana vitabu, basi bonde zima lilikisoma kwa pamoja. Mwaka mpya ulipoingia, hakuna aliyempungia mkono barabarani. Zizi lake lilifunguliwa usiku, kondoo wawili wakafa kwa baridi. Dukani Brandur alimwambia mbele yangu, "Umetuzika tukiwa hai, mama. Haya, tutaona nani atakufukua wewe." Watu walicheka kidogo.

Tarehe 11 Februari 2019 alivuka mlima kwa gari kwenda kwa Unnur. Desturi yetu, anayevuka hulipigia simu shamba lililo upande wa pili. Asipofika, wenyeji hutoka kumtafuta. Upande ule ni Kaldasel. Alipiga, Brandur akajibu, "Sawa." Dhoruba ilishuka, na hakutoka mtu. Ni Unnur aliyewaita waokoaji. Pale gari lilipokwama, taa za Kaldasel zinaonekana.

Homa ya mapafu ilimchukua hospitalini tarehe 16 Februari. Kabla hajakata roho nilimuuliza kama anakijutia kitabu. Alisema, "Brandur alikisoma mpaka mwisho, Ormur. Angalau yeye hakulia akajiweka kando." Nimeyabeba maneno hayo, na yananitisha hadi sasa.

Ameacha binti yake Unnur, mjukuu wake Kári, mimi mdogo wake, na jirani, Brandur wa Kaldasel, aliyekaa hapa safu ya tatu. Jana alikuja kwangu, kofia mkononi. "Nitaje mimi, bwana, lakini shamba liache. Nina watoto."

Nimevitaja vyote viwili. Sólveig wa Grund na apumzike kwa amani.