Mama Endelea Anakabidhi Dirisha la Mapokezi

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi alasiri, Mama Endelea atafunga dirisha la mapokezi ya karakana yetu ya mabasi na kustaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja, miezi minne na siku sita. Siku hizo sita alizihesabu mwenyewe. Ofisi ya utumishi ilikuwa imezisahau.

Mama Endelea silo jina lililo kwenye faili lake. Alipewa na madereva mwaka wake wa kwanza. Enzi hizo dereva aliyekuja kueleza ubovu wa basi lake alizoea kukatizwa kabla hajafika kwenye kitenzi. Mama huyu hakumkatiza mtu. Dereva akinyamaza, naye alinyamaza, kalamu mkononi, kisha akasema, "Endelea." Wengi walidhani wamemaliza. Kwa heshima tu wakatafuta la kuongeza, na mara nyingi ubovu wenyewe ulikuwa hapo.

Kazi yake ilikuwa kuandika kwenye kadi maneno ya dereva ili mafundi wajue pa kuanzia. Aliyaandika kama yalivyosemwa. Kabatini bado zipo kadi zisemazo "Gia ya tatu inaingia kama imelazimishwa" na "Injini inaguna mlimani." Moja inasema "Basi lina huzuni." Fundi mkuu, ambaye ndiye anayeandika wasifu huu, aliirudisha hiyo mapokezi ikiwa na alama ya kuuliza kwa wino mwekundu. Ilikuja kuonekana kwamba taa zote mbili za mbele zilikuwa zimelegea na kuinamia chini.

Mwaka wake wa kumi na mbili, asubuhi ya Jumanne, alifika dirishani dereva mmoja mpole, mtu wa maneno machache, akasema breki za basi lake zinashika vizuri ila zinapumua. Alikuwa ameshamwambia kondakta wake, mlinzi wa geti na mkewe. Mkewe alimshauri aende akapimwe.

Kadi ikaandikwa: "Breki zinapumua." Fundi mkuu aliisoma, akacheka, akapanda kwenye basi, akalizungusha uwanjani, akakanyaga breki mara tatu. Mara zote tatu basi lilisimama. Akatia sahihi. Abiria arobaini na sita walikuwa wanangoja, na njia yao ilikuwa na mteremko wa kilomita tisa.

Mama Endelea hakuridhika. Alimwita dereva tena dirishani.

"Zinapumua lini?"

"Nikikanyaga."

"Endelea."

"Nikikanyaga nikashikilia," alisema dereva. "Nikiachia upesi, hamna kitu. Nikishikilia sana ndiyo nasikia, kama mtu aliyelala chumba cha pili."

Mama Endelea aliyapeleka maneno hayo kwa fundi mkuu, aliyekuwa kwenye simu akizungumza na stoo kuhusu vioo. Fundi mkuu aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, tangu mwanzo hadi mwisho.

"Nimesema nini, Fundi?" aliuliza Mama Endelea.

"Umesema breki zinapumua."

"Hilo nilisema asubuhi. Sasa hivi nimesema nini?"

Fundi mkuu alimjibu kwamba basi limeshakaguliwa na abiria wanangoja. Mama Endelea alirudi mapokezi, akachukua funguo za basi hilo, akazitia kwenye mkoba wake, akavuta zipu na kukaa.

Meneja aliitwa. Alikuta abiria wamejaa mlangoni, fundi mkuu amekunja mikono, na karani wa mapokezi ameukumbatia mkoba. Alimwuliza karani anataka nini.

"Sitaki kitu," alisema. "Fundi akirudia nilichomwambia, natoa funguo."

Ilibidi fundi mkuu aelezwe upya. Mara ya kwanza alirudia alichofikiri yeye. Mara ya pili alirudia nusu, na nusu nyingine akamweleza meneja kwa nini haiwezekani. Mara ya tatu, kwa hasira, alirudia neno kwa neno: dereva akikanyaga akashikilia sana, ndipo anaposikia pumzi. Alipofika kwenye "akashikilia" alinyamaza. Yeye alikuwa amekanyaga na kuachia, mara tatu.

Akaingia uvunguni mwa basi na kumwambia dereva akanyage asiachie. Walihesabu hadi thelathini na tano ndipo pumzi ikasikika. Mpira unaopeleka upepo kwenye breki ya gurudumu la nyuma ulikuwa na ufa mdogo usiofunguka mpaka upepo uukandamize kwa muda. Kwenye mteremko ule, dereva hukanyaga breki na kushikilia kwa karibu dakika nzima kila kona. Fundi mkuu alibaki chini ya basi kitambo kirefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Abiria walihamishiwa basi jingine na kuondoka wamechelewa dakika hamsini. Ishirini na mmoja kati yao waliacha malalamiko dirishani. Mama Endelea aliyaandika yote.

Baada ya hapo meneja alimwomba awafundishe mafundi kusikiliza. Kila Jumatano, nusu saa kabla ya kazi, darasa lilikaa stoo ya matairi. Masharti yalikuwa machache: simu mezani, spana mezani, usimmalizie mwenzako sentensi, na kabla ya kujibu rudia ulichoambiwa mpaka mwenyewe akubali. Kila mtu alitakiwa kumsikiliza mwenzake kwa dakika tatu bila kusema neno. Siku ya kwanza aliyejitahidi zaidi alifika sekunde kumi na tisa, na hata huyo ilisemekana alikuwa amesinzia.

Meneja naye alihudhuria, akapangwa pamoja na mama wa usafi. Kwa dakika tatu hizo alifahamu kwamba mlango wa choo cha madereva ulikuwa hauna komeo kwa miaka miwili, na kwamba barua tatu za kuliomba zilikuwa kwenye trei ya meza yake. Komeo liliwekwa kabla ya saa sita.

Mwalimu mwenyewe hakujifanya amezaliwa na sikio la dhahabu. Kila alipopata darasa jipya alieleza jinsi mumewe alivyomwambia wiki ya kwanza ya ndoa kwamba hapendi mayai. Alikuja kulisikia hilo mwaka wa sita.

Mabasi yaliyokuwa yakikwama njiani yalipungua kutoka tisa kwa mwezi hadi mawili. Makao makuu yaliandika kupongeza vipuri vipya. Vipuri vilikuwa vilevile.

Wiki iliyopita fundi mkuu alikwenda mapokezi na maswali manne ili apate cha kuandika hapa. La kwanza liliuliza ni siku gani ilikuwa ngumu kuliko zote kazini. Alitegemea kusikia habari za mkoba.

"Jumatatu niliyorudi kutoka msibani," alisema Mama Endelea.

Mumewe alizikwa Alhamisi, miaka minane iliyopita. Jumatatu ile walifika dirishani watu thelathini na tisa. Wote walimpa pole, kisha kila mmoja akaanza kueleza basi lake, naye akaandika. Fundi mkuu aliikumbuka siku hiyo. Yeye alikuwa amesema, "Pole sana, dada," na bila kuvuta pumzi akaulizia kadi ya basi namba nne.

Safari hii alivuta kiti, akamwuliza marehemu shemeji alikuwa mtu wa namna gani. Jibu lilichukua saa mbili na dakika kumi. Yaliyosemwa ni ya mwenyewe, hayataandikwa hapa. Maswali mengine matatu hayakuulizwa, na ndiyo sababu wasifu huu hautaji shule alizosoma.

Kuanzia mwezi ujao atahamia kwa mdogo wake wa kike, ambaye tumeambiwa ni mtu wa maneno mengi. Darasa la Jumatano litaongozwa na fundi umeme.

Dada yetu, kwa niaba ya mafundi, madereva na abiria arobaini na sita wasiojua lolote, asante. Tunakutakia afya njema, mapumziko marefu, na karibu yako watu wa kukuuliza habari zako wakatulia mpaka umalize.