Mzee Utupa na Kipande cha Maharage Kisichotakiwa Kuguswa

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, mwenzetu wa idara ya wadudu waharibifu, ambaye kituo kizima kinamwita Mzee Utupa, anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Vidukari wa maharage, tunavyosikia, wameipokea habari hiyo kwa furaha isiyofichika. Sisi wa chumba cha jirani tumeipokea pia, ila kwa kuwa tumelelewa vizuri tunasema tumehuzunika.

Alifika hapa akiwa kijana mwenye nywele kichwani. Alipewa meza, kiti kibovu na kazi moja: kutafuta majani yatakayomsaidia mkulima asiyemudu dawa ya dukani. Wenzake walikaa kidogo, wakapanda vyeo, wakahamia ofisi zenye zulia. Yeye alibaki na majani. Alijaribu kitunguu saumu, akajaribu pilipili, akajaribu tumbaku, mwishowe akatulia kwenye utupa. Huyatwanga majani yake, akayaloweka mpaka kesho yake, akachuja na kutia sabuni kidogo ili dawa ishike vizuri kwenye maharage.

Kuhusu harufu hatutasema mengi, maana hii ni siku ya heri. Mama anayetupikia chai alipoteza sufuria mbili kwa ajili ya sayansi, na enzi za pilipili sayansi iliturudia ndani ya birika. Kikao cha bajeti siku hiyo kilikwisha mapema kuliko vikao vyote tulivyowahi kukaa, na hilo nalo tunaliweka kwenye mafanikio yake.

Tatizo lilikuwa matokeo. Jaribio la dawa linataka vipande viwili vya shamba: kimoja kinapuliziwa, cha pili kinaachwa kiliwe na wadudu ili tofauti ionekane. Kwa Mzee Utupa tofauti haikuonekana. Msimu baada ya msimu vipande vyote viwili vilisitawi kama ndugu wa tumbo moja, na kitaalamu maana yake dawa haina kazi. Mkuu wa kituo, ambaye uvumilivu wake tunaujua sote, akatangaza kwamba msimu huu ni wa mwisho. Tofauti isipopatikana, utupa unastaafu pamoja na mwenyewe, na kile kijitabu cha wakulima alichokiandika upya kila mwaka hakitachapwa. Mzee wetu akakonda hadi mkewe akapiga simu kuuliza kama huku kazini tunamnyima chakula.

Ni dereva aliyemfuma. Aliwahi kazini asubuhi moja, akamkuta mtaalamu wetu na pampu mgongoni, katikati ya kipande kisichotakiwa kuguswa. Alipobanwa hakujitetea sana. Alisema hawezi kupita pale kila siku akiyaona maharage yananyonywa na dawa anayo, kwa hiyo huwa anayapulizia kidogo tu, kama huduma ya kwanza. Tulipouliza ameanza lini, akasema tangu mwanzo. Basi miaka yote hiyo bingwa wetu alikuwa akishindana na yeye mwenyewe, na kila mwaka walitoka sare.

Pampu ikakabidhiwa kwa mama wa chai, akaifungia kwenye kabati la sukari, mahali ambapo hata mhasibu hajawahi kupenya. Siku za kupulizia mzee wetu alipewa, akasindikizwa na dereva mpaka kwenye kipande halali, akarudishwa. Siku nyingine zote alizunguka nyuma ya ghala ili asikione kile kingine. Maharage yalipokaribia kuvunwa, kipande kimoja kilikuwa kijani na kimejaa maganda. Cha pili kilikuwa cheusi kwa vidukari, majani yamejikunja, na sisimizi wanapanda na kushuka kama wamepewa nyumba. Mkuu wa kituo alisimama katikati ya vipande hivyo, kisha akaomba aletewe kijitabu. Kiko kwa mchapaji hivi sasa.

Mavuno yalipokwisha kupimwa, Mzee Utupa alikwenda jikoni na kumwomba mama wa chai pampu, kwa adabu zote. Kule shambani hakukuwa na cha kuokoa, ni vishina vichache tu vilivyokwisha kuugua. Mama alimpa ufunguo. Tulimwona kupitia dirisha akipulizia shina moja baada ya jingine, taratibu, na kwa mara ya kwanza chumba chetu hakikupata la kumtania.

Asante, Mzee wetu. Tutaikumbuka hata harufu. Nenda kaishi kwa raha na mama watoto, afya iwe tele, na huko bustanini kwako pulizia kila shina unalolionea huruma. Hakuna mtu atakayelinganisha.