Rangi Tano za Mwalimu Upinde

Wasikilizaji wapendwa, acheni vyombo visubiri kidogo kwenye karai. Leo tunamkumbuka mwalimu wa darasa la kwanza, yule ambaye watoto walimwita Mwalimu Upinde. Alifariki wiki iliyopita, akiwa na miaka sitini na minane. Tunamkumbuka kupitia mtu aliyemkosea: mwalimu mkuu wake wa zamani, ambaye naye amestaafu, na siku hizi hana raha.

Anaikumbuka siku alipofungua mlango wa darasa la kwanza akadhani kaingia kiwanda cha peremende. Ukuta mzima maneno. Makubwa, yenye nafasi ya kupumua, kila neno na picha yake. Na kila irabu na rangi yake: a nyekundu, e njano, i buluu, o kijani, u zambarau. Irabu tano, rangi tano.

"Mwalimu, hapa pana shule au harusi?"

"Pana watoto arobaini na wanane wanaosoma, mkuu. Hesabu midomo."

Na kweli walisoma. Kengele ya mapumziko ililia, hakutoka mtu. Kaka wa marehemu, ambaye kwa kutia chumvi hana mpinzani, anaapa kwamba mbuzi wa jirani alikuwa akichungulia dirishani. "Kufika muhula wa pili," anasema, "mbuzi yule hali gazeti kabla hajalisoma." Hilo tumwachie mwenyewe.

Kisha akaja mkaguzi, na karatasi yake ya maandishi meusi matupu. Mtoto mmoja wa kike akaitwa mbele. Neno lilikuwa kuku. Jana yake tu alilisoma ukutani huku anacheka. Akaitazama karatasi, akaigeuza nyuma, akauliza:

"Mwalimu, hii ku imekufa?"

Mkaguzi akaandika. Mwalimu mkuu akalowa jasho. Watoto wamejifunza rangi, akawaza, hawakujifunza kusoma. Na hapo, wasikilizaji wapendwa, alikuwa na nusu ya ukweli.

Mchana uleule akaleta ndoo ya chokaa. "Futa."

"Nipe mpaka shule ifungwe, mkuu. Miezi miwili tu."

"Miezi miwili ya kuniongezea aibu? Futa, mama, tusichoshane."

Mwalimu Upinde akachukua brashi mwenyewe. Akaanzia pembeni, taratibu, bila kudondosha hata tone sakafuni. Toka siku hiyo alifundisha kwa chaki nyeupe, miaka tisa, mpaka akastaafu. Kengele ikilia, watoto walikuwa nje kabla haijanyamaza. Mwalimu mkuu aliliona hilo. Mara ngapi alikusudia kumwendea amwambie, "Dada, tuanze upya"! Kila mara ikazuka barua ya kujibu. Mwalimu akaenda zake nyumbani, akakaa miaka mingine minane.

Mwalimu mkuu alifika kwake siku ya msiba. Mdogo wa marehemu akamwita chumbani, akavuta kutoka chini ya kitanda mabango matano yaliyoviringishwa pamoja. Wakayatandaza. La kwanza, kama ukutani siku zile, rangi zote zimekolea. La pili, zimefifia. La tatu, mstari tu wa rangi chini ya kila irabu. La nne, nukta. La tano, maandishi meusi matupu. Nyuma ya kila bango, tarehe. La pili lilikuwa litundikwe siku nne baada ya mkaguzi. La tano, wiki ya kufunga shule.

"Si angeniambia," alisema mwalimu mkuu.

"Alikuomba miezi miwili, kaka," alijibu mdogo mtu. "Hukumuuliza ya nini."

Kwa kaka yake, kwa mdogo wake, na kwa wote aliowafungulia kitabu cha kwanza, poleni sana. Mungu awape subira. Mwalimu mkuu ametutuma tuseme hewani kile alichoshindwa kukisema msibani: alikosea, na alikuwa na miaka kumi na saba ya kwenda kuuliza.

Nawe unayetusikiliza, kama yupo mtu uliyewahi kumwambia afute, na bado yu hai, mwendee leo. Muulize alikuwa anataka kufanya nini baada ya pale.