Sentensi ya Ukutani Haikuwa Kosa la Bi. Hänel

Baada ya miaka arobaini na mmoja na miezi saba katika karakana ya Makumbusho ya Mji, Bi. Roswitha Hänel anastaafu rasmi tarehe 31 Machi 2025. Mkurugenzi ameniomba niandike wasifu wake kwa jarida letu la wafanyakazi kwa kuwa, kama alivyosema, mimi ndiye niliyefanya naye kazi kwa karibu zaidi. Ni kweli. Namna ukaribu huo ulivyopatikana ndiyo inayonifanya niandike ukurasa huu huku uso ukiniwaka.

Bi. Hänel aliripoti kazini tarehe 1 Septemba 1983, fundi wa mabango mwenye umri wa miaka ishirini na minne. Nchi yetu ilikuwa bado imegawanyika mbili, bendera nyingine, na gundi, anavyosimulia, ilinuka samaki. Wakurugenzi sita wamekuja na kuondoka, yeye yupo. Maelezo ya kila kitu tulicho nacho, kuanzia mashine za kukamulia zabibu hadi jino la mamothi, yule tembo wa zama za barafu, ameyakata na kuyabandika kwa mkono wake. Wakati mto Saale ulipofurika mwaka 1994 alipandisha masanduku ya ghalani hadi orofa ya pili akiwa amevaa buti za mumewe. Meya alipofika kupigwa picha, alimtwisha sanduku: “Mheshimiwa, kama mikono iko mitupu, shika hili.” Mheshimiwa akashika, na picha ikatoka nzuri.

Kila siku yake ya kuzaliwa alileta keki ya plamu masinia mawili, na siku hiyo hakuna aliyethubutu kuomba likizo. Kazini hakuwa na mzaha. Kila sentensi iliyopanda ukutani lazima iwe imepitia kwenye fomu ya njano: saini ya mwandishi, saini ya mhakiki, na chini kabisa jina la kitabu na ukurasa. Fomu isipokamilika, mkasi haufunguki. “Kila neno lina mama yake,” alikuwa akituambia, “nitajieni mama.”

Sasa nimefika nisipopenda kufika.

Mwaka 2013 tulifanya maonyesho juu ya yule mwanafalsafa mwenye masharubu mazito, ambaye utoto wake ulipita si mbali na hapa na ambaye hadi leo watu hugombana juu yake mezani, soseji zikipoa. Nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini. Maonyesho nilikabidhiwa mimi kwa sababu mbele ya jina langu pana neno Daktari. Hakuna aliyeniuliza ni daktari wa nini. Tasnifu yangu ilihusu vyungu.

Nilinunua kijitabu cha utangulizi, kurasa mia moja na ishirini, cha kutia mfukoni. Nilikisoma ndani ya treni kutoka Halle, safari mbili, na safari ya tatu nilikuwa tayari mtaalamu. Vitabu vyake mwenyewe sikuvifungua. Debe tupu haliachi kuvuma: foleni ya chakula cha mchana nikaanza kuiita kundi la kondoo, na mwenzetu Jörn wa ghalani aliponiuliza kama nami nakula viazi vya kondoo hao, nilimwambia hawezi kunielewa. Kile kijitabu kilikuwa kizuri. Mwandishi wake alionya ukurasa wa kwanza kabisa kwamba anafupisha. Niliuruka ukurasa huo.

Mchana wa siku iliyotangulia ufunguzi, niliona ukuta wa juu ya mlango uko wazi. Nikachukua kipande cha karatasi nikaandika: “Huruma ni anasa ya wanyonge”, na chini yake jina la mwanafalsafa. Nikampelekea Bi. Hänel bila fomu, nikamwambia aipandishe kwa herufi kubwa kuliko zote.

“Daktari, hii imetoka kitabu gani? Ukurasa wa ngapi?”

“Bi. Hänel, wewe bandika herufi. Falsafa niachie mimi.”

Wanafunzi wawili wa mafunzo walikuwepo na walisikia. Yeye akavaa miwani na, kwa mara ya kwanza, akafungua mkasi bila fomu, akabandika.

Siku ya tisa alikuja mwalimu mstaafu kutoka Jena, akasimama chini ya mlango ule kwa muda mrefu, kisha akaomba aonyeshwe chanzo. Hakikuwepo. Mwanafalsafa hakuwahi kuandika maneno yale. Yalikuwa ya mwandishi wa kijitabu, akifupisha kwa lugha yake mwenyewe, nami nikayavika masharubu. Gazeti la wilaya likatuchapa nusu ukurasa.

Mkurugenzi wa wakati huo, Bw. Lindemuth, aliitisha kikao saa nne asubuhi. Aliweka fomu zote za njano mezani. Sentensi ile haikuwemo hata katika moja. Katika nyumba yetu hii ya makumbusho, jambo lisilo kwenye fomu ni la mkono wa mwisho uliolishika, na mkono wa mwisho ulikuwa wa fundi. “Nani aliileta hii?” Wale wanafunzi wawili hawakuwa wameitwa. Watu kumi na mmoja wakamgeukia Bi. Hänel. Mimi niliangalia kahawa yangu.

Mkataba wangu ulikuwa wa muda, unaisha Juni. Mke wangu Annegret alikuwa na mimba ya miezi saba. Bi. Hänel aliyajua yote mawili, kwani ndiye aliyemfumia mtoto soksi.

“Itakuwa mimi,” alisema. “Nitakuwa nimechanganya karatasi.”

Nilimkuta ngazini baadaye, nikaanza kugugumia. Akanikata: “Kijana, mtoto azaliwe baba yake ana kazi. Ukishatulia, utasema mwenyewe.”

Nilipata mkataba wa kudumu mwaka 2015. Sikusema. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imenichukua miaka kumi na miwili, na nimeitembea kwa miguu yangu mwenyewe.

Wenzangu wapya hawajui gharama yake. Ukuu wa karakana, uliokuwa wake kwa haki, alipewa mtu kutoka nje. Ikaamriwa pia kwamba kila kibandiko chake kikaguliwe na mtaalamu kabla hakijapanda. Mtaalamu huyo nilikuwa mimi. Kila wiki alisimama mlangoni pangu na sinia la vibandiko akisubiri nitie saini, mwanamke aliyekuwa akibandika herufi kabla sijajua kusoma. Mara mbili nilimsahihisha. Mara zote mbili yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Na kila sherehe ya Krismasi lazima mtu anyanyue glasi na kuuliza: “Bi. Hänel, mwanafalsafa kasemaje mwaka huu?” Watu wanacheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, na mwaka mmoja nilikuwa mimi niliyeuliza.

Mwanzoni nilijifariji kwa kijitabu kilekile: kwamba majuto ni ya wadhaifu. Baadaye nilisoma vitabu vyenyewe, polepole, miaka mitatu, na faraja ikaisha. Kuna wazo lake moja ambalo hata kijitabu kililieleza vizuri: ufikirie kwamba maisha yako yatarudi, saa kwa saa, yaleyale, bila mwisho. Nililipenda sana kwenye treni. Siku hizi nikilikumbuka naona kile kikao, na mimi nimeinamia kikombe, tena na tena, na sinyanyui uso.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda karakana kukusanya habari za wasifu huu. Nilimwambia nitaandika ukweli. Aliendelea kusafisha mkasi. “Mimi pia nilikisoma kile kijitabu chako,” alisema, “mwaka uleule, wakati wa mapumziko. Kinakuonyesha mlango uko wapi. Wewe ukadhani umeshakaa sebuleni.”

Kisha akavuta droo akanipa kile kipande cha karatasi, mwandiko wangu, wino wangu. Alikuwa nacho siku zote. “Chukua. Nahitaji kumwachia atakayenirithi droo safi.”

Nilimuuliza kama haogopi watu watacheka tena siku ya kuagana. “Acha wacheke. Miaka kumi na miwili wamecheka upande wangu. Sasa wacheke upande wako, nami nile keki kwa amani.”

Kipande hicho nimekiambatisha kwenye barua yangu kwa Mkurugenzi, ili kiingie katika faili la Bi. Hänel na langu. Adhabu itakayofuata ni halali yangu. Alhamisi saa tisa tutakusanyika ukumbini. Atakayetaka kuuliza mwanafalsafa kasemaje, aniulize mimi, nitakuwa nimesimama karibu na dirisha.

Bi. Hänel, nyumba nzima inakushukuru kwa miaka arobaini na mmoja, na inakuombea afya, bustani yenye plamu nyingi na asubuhi zisizo na kengele. Mimi, Henning Straube, nakuomba msamaha kwa kumi na miwili ya hiyo.