Subiri Kwanza: Maisha ya Dada Yetu Muuguzi

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani, na ninyi mliosafiri tangu jana mkalala vitini, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee habari za dada yetu, na kwa kuwa yeye hakupenda mtu ababaike mbele za watu, nitajitahidi kusoma bila kusimama, nikisimama mnivumilie.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa pili kati ya wanne wa marehemu baba yetu, aliyekuwa fundi wa mitambo ya maji, na mama yetu tuliye naye hapa, katika nyumba za wafanyakazi zilizokuwa ng'ambo ya barabara ya mitambo hiyo, na mama anasema alilia kwa sauti kubwa mpaka mkunga akacheka, akasema huyu mtoto kazi yake itakuwa kunadi mali mnadani.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1973 katika shule iliyokuwa nyuma ya soko, akaingia sekondari ya bweni mwaka 1980, na mwaka 1985 akajiunga na chuo cha uuguzi, ingawa baba alitaka awe mwalimu, akahitimu Novemba 1988, akaajiriwa mwezi uliofuata katika wodi ya upasuaji ya hospitali ya wilaya, alikokaa miaka yote ya ujana wake.

Tarehe 4 Disemba 1993 alifunga ndoa na fundi umeme wa hospitali hiyohiyo, shemeji yetu huyu aliyekaa karibu na mama, ambaye kwa ushahidi wa wauguzi wa enzi hizo alikuwa haishi kufika wodini kubadilisha taa zilizokuwa zinawaka vizuri kabisa, na wakajaliwa watoto wawili, binti mwaka 1995, ambaye naye ni muuguzi, na kijana mwaka 1999, ambaye ni dereva wa malori.

Tarehe 9 Agosti 2004, saa za asubuhi, mfuaji wa hospitali alikuwa anasafisha sakafu ya chumba cha kufulia, akamwaga dawa ya klorini ya kuondoa madoa, akaona haitoshi, akaongeza asidi ya kusafishia vyoo, na chumba kile chenye dirisha moja lililopigwa misumari kikajaa hewa ya kijani inayokaba koo, akaanguka. Watu walisimama koridoni wakipiga kelele, kila mmoja akimtazama mwenzake, na dada, aliyekuwa amefuata mashuka, akalowesha kitambaa, akakifunga puani, akaingia. Alimkamata yule mfuaji miguu, akamburuta, akamfikisha mlangoni, kisha yeye mwenyewe akaanguka juu yake, na alipozinduka alikuwa anakohoa kama mtu aliyemeza moto, maana kitambaa chenye maji hakizuii gesi ile.

Mfuaji alipona, yupo nasi leo, ndiye aliyebeba msalaba wa maua kutoka nyumbani. Mapafu ya dada hayakupona yote. Watu walimsifu, wakamwita shujaa, naye sifa ile ikawa inamkera, na siku moja mkuu wa wauguzi alipomwambia mbele ya watumishi, "Bila wewe kukimbilia ndani mwenzetu angekufa," alijibu, "Bila mimi kukurupuka, tungefungua mlango wa nyuma, tungevunja lile dirisha, tungevaa zile barakoa za gesi zilizofungiwa stoo, tungemtoa yeye mzima na mimi mzima. Siku hiyo mlikuwa mmebakiza hatua kidogo kuzika wawili."

Ndipo alipoomba kupelekwa kusomea usalama wa kemikali hatari, akarudi mwaka 2007 akiwa mkufunzi, na kwa miaka kumi akazunguka vituo vya afya akifundisha mambo ambayo watu waliyaona madogo, formalini ya kuhifadhia vipande vya mwili ikimwagika maabara isikanyagwe, zebaki ya kipimajoto kilichovunjika isifagiliwe kwa ufagio, dawa za saratani zisichanganywe bila glavu na koti, na kila somo lake lilianza kwa maneno mawili, subiri kwanza, ndipo yakafuata mengine, tazama ni kitu gani, jikinge, kisha umsaidie mwenzio, hata wanafunzi wakampa jina hilo, Mwalimu Subiri Kwanza, naye akaliitikia kama alibatizwa nalo.

Mwaka 2017 mafunzo yalihamia mtandaoni, na sebule yake ikageuka darasa. Alikuwa mkali huko kama ana kwa ana, akiona mtu ameelekeza simu juu anauliza, "Nafundisha watu au nafundisha mapaa?" na siku shemeji alipopita nyuma yake na taulo kiunoni, washiriki kutoka vituo ishirini na zaidi walimwamkia kwa pamoja, shemeji akakimbilia jikoni, akagoma kutoka mpaka kipindi kikaisha.

Sasa nisome jambo lililotokea tarehe 22 Oktoba 2019, ambalo wengi mnalisikia kwa mara ya kwanza, na nimemsomea kwanza binti yake, akaniruhusu. Mchana ule dada alikuwa anafundisha habari za sumu za shambani, na katika kituo kimoja kidogo cha mbali watumishi watatu walikuwa wamekaa benchi moja mbele ya kompyuta, tabibu wa kituo, mhudumu, na binti yake dada, aliyekuwa amepangiwa huko mwaka huohuo, na hakuna mshiriki aliyejua kuwa ni mama na mwana. Katikati ya somo mlango nyuma yao ukasukumwa, wakaingia wanaume wawili wamembeba wa tatu, pampu ya kupulizia dawa ya wadudu imempasukia ghalani, nguo zimelowa chapachapa, mate yanamtoka kama povu, na harufu ile, binti anasema, ilifika kabla yao.

Tabibu aliruka, akamdaka yule mgonjwa kwa mikono mitupu, na binti akasimama amfuate.

Dada akapaza sauti, "Subiri kwanza! Msimwingize ndani, mpelekeni nje kwenye upepo!"

"Mwalimu, huyu anakufa," tabibu akajibu bila kugeuka. "Hili si somo."

"Najua si somo. Ile sumu inapita kwenye ngozi, mtakufa naye. Glavu nene, aproni, nguo zake zote zikatwe kwa mkasi, maji na sabuni mwili mzima, na wewe nawa hiyo mikono. Atropini, ya kuikata hiyo sumu, iandaliwe sasa hivi."

Binti aligeukia skrini, macho yamemtoka, akasema, "Mama, hapumui vizuri," na hapo darasa zima ndipo lilipojua. Mara picha ikaganda, uso wa binti umebaki hivyohivyo na mdomo wazi, mtandao wa kituo kile ukakatika.

Hakuna mshiriki aliyeondoka. Dada alipiga simu ya binti, haikupatikana, akapiga ya tabibu, ikaita mpaka ikakata. Akampigia dereva wa gari la wagonjwa la wilaya, akamwambia afungue vioo vyote, atandike plastiki, abebe atropini yote atakayopewa, huku mkono mwingine umeng'ang'ania ukingo wa meza, na shemeji anasema alimletea maji, hayakuguswa, akamshika bega, akalikuta gumu kama jiwe.

Picha iliporudi benchi lilikuwa tupu, mlango uko wazi, na kilichosikika ni ndoo na maji yakimwagwa, na mtu analia, haijulikani nani. Dada akaita mara moja. Akaita tena, kwa jina la utotoni la binti, jina ambalo sisi wa nyumbani tu tunalitumia, na hapo ndipo binti akatokea mlangoni na aproni inayochuruzika, akasema kwa sauti ya kazi, "Tumemuosha, ameshachomwa sindano, mapigo yanarudi. Lakini tabibu ameanza kutapika."

"Naye muosheni," dada akasema. "Naye apewe dawa. Hongereni."

Wote wawili walipona, mkulima na tabibu, na dada alikuwa wa kwanza kumtetea tabibu yule mbele ya wakubwa waliotaka kumlaumu, akawaambia kwamba mtu yule aliupata mshipa wa mgonjwa huku mikono yake mwenyewe inatetemeka kwa sumu, wamwache.

Lakini alipokuja kwangu wiki iliyofuata, alikaa hajavua hata viatu, akaniambia, "Mdogo wangu, picha ilipoganda, neno lililokuwa mdomoni mwangu halikuwa somo. Nilitaka kumwambia mwanangu, kimbia, mwache huyo mtu." Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema, "Mtandao ulikatika kabla. Sijui kama ningesema. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kwamba sijui." Kipindi kilichofuata, ambacho binti hakuwepo, aliwaeleza wanafunzi wake jambo hilo hilo, bila kujificha, ila binti yake hakuweza kumwambia.

Mwaka 2020 mapafu yalianza kushindwa, na kufikia 2022 alikuwa anafundisha na mrija wa oksijeni puani. Ofisi ilimshauri azime kamera, akakataa, akasema wauone mrija, ndio ukurasa wa kwanza wa kitabu. Mei 2023 alilazwa katika wodi ileile aliyoianzia kazi, na jioni moja, binti akimsugua mgongo, dada akamweleza hatimaye lile neno lililomkaa moyoni.

Binti alicheka huku analia. Alimwambia, "Mama, hata ungelisema nisingekusikia. Nilikuwa nimeshashika mkasi."

Dada akalala usiku kucha, kwa mara ya kwanza tangu alazwe. Alifariki tarehe 2 Juni 2023, asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba, shemeji amemshika mkono mmoja na mama amemshika wa pili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya upasuaji, waliomuuguza kama mkubwa wao wa kazi ingawa aliwakosoa hadi namna ya kutupa sindano, majirani waliopika na kulala nasi, wafanyakazi wenzake, dereva wa gari la wagonjwa, mfuaji na familia yake, na ninyi wanafunzi wake mliotoka mbali, ambao jana mlisimama kando ya jeneza mkanong'ona kwamba hamkujua kuwa alikuwa mfupi hivi, maana miaka yote mlimuona kuanzia kifuani kwenda juu. Alikuwa mfupi, ndugu zangu. Alikuwa anakalia mto.

Dada yetu, zamu umeikabidhi, waliopokea ni wengi na wako hapa. Nenda ukapumzike, kwa amani ya Mungu.