Heikichi Nawata, Mrefushaji wa Wapenzi

Tarehe 31 Machi, jioni, Bwana Heikichi Nawata wa idara ya vifaa anastaafu baada ya miaka arobaini na miwili ya utumishi katika studio yetu hapa mjini Chofu. Alikuja na nywele nyingi na mgongo mzuri. Anaondoka na mgongo tu, na huo nao una malalamiko yake.

Nyinyi vijana mlioajiriwa juzi mnamwona akipita na masanduku ya mbao, mnadhani anahama nyumba. Ile ndiyo kazi yake. Studio hii inakula kwa filamu za mapenzi zinazotokana na vitabu vya katuni, yaani manga, na katika manga za mapenzi mvulana lazima awe mrefu kama nguzo ya umeme, msichana amfikie begani. Ndivyo wasomaji walivyozoea, na msomaji wa manga hana msamaha. Lakini watayarishaji wetu huchagua waigizaji kwa sura na kwa wingi wa mashabiki. Futi kamba hawaijui. Kwa hiyo mvulana akija mfupi, anaitwa Nawata. Sanduku chini ya miguu, kamera ikae juu ya kiuno, mapenzi yanaanza. Wenyewe tunayaita masanduku hayo "farasi", na nusu ya wavulana waliowaliza shangazi zenu walikuwa wamepanda farasi wa Nawata.

Mwanzoni farasi wenyewe walikuwa na kelele. Busu moja la kwenye korido ya shule lilirudiwa asubuhi nzima, maana kila midomo ikikaribiana, sanduku linalia kwiii. Mtu wa sauti akavua vidude vyake vya masikioni, akauliza, "Nani amekanyaga paka?" Kesho yake Nawata alikuja na masanduku yamevikwa vipande vya blanketi zito, kimya kabisa. Blanketi lilikuwa la mkewe, Bi Sumie, na ulikuwa mwezi wa Januari.

Hilo la blanketi Bi Sumie amelisamehe nusu. Ambalo hajalisamehe ni la sinema. Hajawahi kumaliza filamu yetu hata moja kwa amani, kwa sababu msichana akiinua tu macho kumtazama mpenzi wake, mumewe humnong'oneza gizani, "Hapo yuko juu ya sanduku langu."

"We mzee, mimi ninalia hapa."

"Lia tu, mama. Ni lile la katikati."

Sasa niwaambie habari ya mwezi wa Juni mwaka jana, maana ndiyo tunayojivunia, na ndiyo iliyotaka kutufungisha virago.

Mwalimu Minowa, mchoraji wa manga mwenye miaka sabini na ushei, alikuwa amewanyima watu wa filamu hadithi yake kwa miaka thelathini. Sisi alitukubalia kwa sharti moja: ukurasa wa ukingo wa mto uwe kama alivyouchora. Wapenzi wawili wanatembea, kichwa cha msichana kwenye bega la mvulana, bila kukatisha picha. Angekuja kuangalia mwenyewe. Isipompendeza, anachukua hadithi yake anaondoka nayo, na watu sitini tunarudi nyumbani kutazama dari.

Mvulana tuliyepewa ni Ritsu Amagai, yule mwimbaji. Msichana ni Nagi Somekawa, aliyewahi kucheza mpira wa wavu, anayempita Amagai vidole vinne. Meneja wa Amagai alikuwa amepiga marufuku neno "mfupi" pale kazini. Hata mapumziko mafupi tuliyaita mapumziko yasiyokawia.

Sanduku halitembei. Nawata akaja na dawa yake: akachimba mfereji kandokando ya njia. Binti atembee ndani, kijana atembee juu, kamera isione miguu. Tukamkumbusha kwamba huu ni msimu wa mvua na ule pale ni mto. Akanigeukia mimi wa taa, akasema, "Wewe angalia taa zako, babu."

Mvua ikanyesha usiku. Asubuhi mfereji ulikuwa umejaa, na chura alikuwa ameshahamia. Tukachota maji kwa ndoo, maji yakarudi. Mchana Mwalimu Minowa akafika na mwavuli wake, akaketishwa kwenye kiti. Nagi akateremka, maji yakamfika mapajani, akaanza kutembea na mpenzi wake huku akichomoa mguu mmoja mmoja kwenye tope.

Mwalimu akatazama, akauliza taratibu, "Huyu binti anapanda mpunga?"

Hakuna aliyecheka. Mwongozaji aliangalia viatu vyake. Mwalimu akaanza kufunga mwavuli wake, na sote tulijua maana yake.

Hapo Nawata akapiga magoti kwenye tope, akainamisha paji la uso mpaka chini. Tulidhani ataomba radhi ya kawaida, ile tunayoifahamu sote. Akasema, "Mwalimu, mfereji ni ujinga wangu, wenzangu walinionya. Lakini niseme na hili. Kijana huyu ni mfupi. Binti huyu ni mrefu. Miaka arobaini nimekuwa nikificha mambo kama haya, na leo sina cha kufichia. Kabla hujaondoka, waangalie walivyo."

Meneja alishika ukuta ambao haukuwepo. Wa kwanza kucheka alikuwa Amagai. Akakaa kwenye nyasi, akavua viatu, akatoa ndani yake vipande viwili vya soli nene kama mikate, akampa Nawata. "Nitunzie hivi, mzee. Vimeniumiza tangu nina miaka kumi na saba."

Nagi akatoka mferejini, akasimama kando yake. Na kama alivyozoea, akapinda magoti kidogo na kushusha mabega, ili asimpite mwenzake. Mwalimu akamwona.

"Nyooka, mwanangu."

"Nitampita, Mwalimu."

"Mpite."

Akanyooka. Mwalimu akasema kwamba ukurasa ule aliuchora kwa ajili ya msichana aliyechoka kujikunja. Lile bega lilikuwa matakwa ya mhariri wake, aliyeamini magazeti ya katuni hayauziki bila mvulana mrefu. "Nimelilinda bega la mhariri miaka yote hii," akasema, "na binti mwenyewe nikamsahau. Wapigeni picha hivyo hivyo. Na wewe uliye topeni, inuka, unaniletea chura."

Wakatembea mara moja tu, ardhi ikiwa sawa chini yao, Nagi akiwa wima na Amagai akimwinulia macho. Mwongozaji hakuomba marudio.

Filamu ilitoka Februari. Bi Sumie na mumewe walikaa safu ya mbele yetu. Ukafika ukingo wa mto, Bi Sumie akategea sikio. Kimya. Akashindwa kuvumilia. "Mbona husemi? Hapo yuko juu ya sanduku lipi?"

"Hapo hamna kitu, mama. Wamesimama chini."

Bi Sumie akalia mpaka akashiba, na mumewe akamwomba leso.

Bwana Nawata, studio nzima inakushukuru kwa kila mpenzi uliyemnyanyua, na zaidi kwa wale wawili uliowaacha chini. Farasi wako wanabaki kwetu. Bi Sumie, siku ya sherehe utakabidhiwa blanketi jipya, zito kuliko lile. Tafadhali usiliondolee macho. Nendeni mkapumzike, na huko muendako tunawatakia siku nyingi, magoti yasiyolia kwiii, na ardhi tambarare.