Pilau ya Arobaini Yangu Iende Barazani

Fungeni mlango, wanangu, ila dirisha liacheni wazi, maana nataka na jirani asikie. Nikishakufa yeye ndiye atakayeifikisha habari hii Kang'ata nzima, tena upesi kuliko redio. Mashavu, wewe ndiye mkubwa, shika daftari uandike ninavyosema, usinirembee. Zaidi, kaa chini, acha kuchezea huo ufunguo wa pikipiki, abiria watakusubiri.

Mimi mama yenu naondoka na hasira, na asije mtu kuniambia nisamehe kwanza ndipo nife vizuri. Nitakufa vibaya hivyo hivyo. Shamba la Kwamsisi, eka kumi na mbili, nililifyeka na marehemu baba yenu Sabiri, mimi nikiwa na mimba yako Mashavu, tunakula bada, ugali wa muhogo, kwa chumvi, nyani wanatutazama wanasubiri tupande ili wavune. Leo anayelilima ni baba yenu mdogo Mhina, na kila msimu anapita hapa na magunia ya mahindi juu ya trekta, ananipungia mkono. Ananipungia mkono!

Sikilizeni alivyolichukua, maana mlikuwa mnalia hamkuona. Baba yenu alipofariki nilikuwa nimekaa eda, sitoki ndani, Mhina akaja amejifunga msuli, amelegeza sauti kama bwana harusi. "Shemeji, usijisumbue, arobaini ya kaka niachie mimi." Akachinja ng'ombe wawili, mmoja wao amekonda mbavu zinahesabika, watu wakala wakashiba mpaka wengine wakasahau aliyekufa ni nani. Siku ya tatu yake akaniletea karatasi tupu. "Shemeji, weka sahihi hapa chini, ni ya masufuria na majamvi tuliyoazima, majina ya vyombo nitajaza nikifika nyumbani." Na mimi, mwanamke niliyeishia darasa la nne, machozi machoni na miwani sijui iko wapi, nikaweka. Eda ilipokwisha nikachukua jembe nikaenda Kwamsisi, nikamkuta anapima mipaka kwa hatua. "Shemeji umesahau? Ulinipa shamba kufidia gharama za shughuli, na sahihi yako ninayo." Eka kumi na mbili kwa pilau! Na nyama yenyewe ilikuwa ngumu.

Msiniulize kwa nini nilinyamaza. Kila nikitaka kwenda kushtaki wazee walinishika mkono, subiri kikao cha ukoo, yule ni ndugu. Na kikao alikiitisha Mhina mwenyewe, na kila siku ya kikao tumbo lilimuuma Mhina mwenyewe. Miaka kumi na mmoja tumbo linamuuma! Sasa Grasiana, yule msaidizi wa kisheria wa Ngombezi, mjukuu wa wakata mkonge, alikaa hapo ulipokaa Zaidi akaniambia wazi: "Bibi, ikipita miaka kumi na miwili hamjafungua shauri, mtakuta mlango umefungwa." Miaka hiyo inatimia mwezi wa nane. Mimi mwezi wa nane siuoni. Nyinyi mtauona.

Najua mnawaza fedha, na najua mlichokwisha kukifanya, msidhani kulala kitandani kumenizibia masikio. Wewe Zaidi umekaa hotelini Korogwe na mwanasheria, ukamuahidi eka nne mkishinda. Usikatae, aliyewapelekea chai ni mpwa wa jirani yetu Mama Hafsa. Nne za kwake, mbili mtauza mlipe madeni, zinazobaki mtagombana wenyewe kwa wenyewe, na Mhina atakaa barazani kwake akicheka. Nenda kesho ukamwambie huyo mwanasheria, mama yangu amekataa. Na wewe Mashavu usimcheke mdogo wako, umeonekana kwa wale wa mikopo ya kausha damu, wanaokuja kubeba godoro na mtoto bado amelilalia. Thubutu! Pikipiki nayo haiuzwi, ndiyo inayowalisha wajukuu zangu.

Grasiana na wenzake wataandika maombi bure, na ada za baraza la ardhi mtu asiye na uwezo anaweza kuomba asamehewe, kwa hiyo ombeni, msione haya, haya zetu ndizo zilizomnenepesha Mhina. Kitakachowatoa jasho ni nauli za kwenda na kurudi, kurudufu makaratasi, na mashahidi, maana shahidi mwenye njaa husahau. Shahidi mkubwa ni Salome wa Ngombezi. Msijifanye hammjui! Miaka saba Mhina alimuaga mkewe kwamba anakwenda Korogwe kununua dawa ya mifugo, naye hafugi hata kuku. Kisha akamtupa. Nilikutana na Salome stendi, nikamnunulia soda, akanimwagia yote: karatasi ile Mhina aliijazia mezani kwake, anaandika huku anakula wali wake, anacheka. Mkamchukue kwa heshima, mmnunulie kanga mpya, na nauli mmpe mkononi kabla hajaomba.

Basi fedha ziko hapa, andika Mashavu, na hili liandike kwa herufi kubwa. Mimi ni mwanachama wa kufa na kuzikana, sijawahi kukosa mchango hata mwaka ule wa njaa. Nikifa wataleta mchele, mafuta, na fedha. Kikoba nacho kitatoa rambirambi. Na yule ndama wangu, ambaye nimeona mnavyomtazama kama ameshaiva. Sanda nunueni, kaburi lichimbwe, dua isomwe, wachimbaji wapewe uji. Basi. Hakuna arobaini, hakuna ng'ombe kuanguka, hakuna pilau. Yote yaliyobaki, na ndama akiuzwa, ni ya kesi. Mwenyekiti wa chama nimeshamweleza, akashika mdomo, halafu akakubali. Shehe naye nimemuuliza, akaniambia pilau si nguzo ya dini.

Watasema, wacha waseme! Watasema watoto wa Maryamu wamemzika mama yao kavu kavu. Mimi nimewasema wao miaka sitini, ni zamu yao. Lakini atakayewasema zaidi mtazameni vizuri, huyo alikula arobaini ya baba yenu na akabeba na nyama za mfukoni.

Nizikeni hapa hapa Kang'ata. Kwamsisi msinipeleke mpaka shamba lirudi, sitaki kulala kwenye ardhi ya kuombea ruhusa. Likirudi, mgawane kwa hesabu ya dini yetu, mbele ya watu, na asisaini mtu karatasi... nipe maji, Mashavu. Siyo mengi.

Mungu awape... awape ndimi za kusema mliyoyaona, tena bila kuongeza, hilo la kuongeza ni langu, mniachie. Awape miguu ya kwenda na kurudi. Zaidi, mshike dada yako mkono. Mshike, nione. Hivyo.

Na mkiulizwa arobaini ya mama yenu ni lini... msijikunekune. Wapeni tarehe ya shauri. Korogwe, saa tatu asubuhi, waje wote... wavae vizuri. Mhina msimwalike. Yeye... ataletewa barua, ina jina lake.